Nani Awe wa Kwanza?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliijua tangu utotoni, lakini maana yake niliipata nikiwa mtu mzima.

Mimi na wadogo zangu wawili tuliweka akiba ya matibabu ya mama katika bitcoin. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wake, na sahihi za wawili kati ya watatu zilitosha kutoa fedha. Ilikuwa kama sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa, lenye kufuli tatu. Siku ya kuorodhesha funguo nilisema wangu utangulie, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Hakuna aliyebisha, na hakuna aliyeandika.

Kompyuta ikaharibika, na mama akaugua. Tuliingiza funguo zote katika programu mpya, ikatuonyesha sifuri. Kitinda mimba wetu akanitazama kimya. Nilijua anachowaza, maana nami nilikwisha kumshuku yeye.

Kumbe fedha hazikuibwa. Kufuli za sanduku hazijali ipi ilitangulia, lakini anwani ya namna hii hukokotolewa kutokana na funguo za umma kwa mfuatano wake. Ukiubadilisha, unapata anwani nyingine kabisa, na funguo tatu zina mifuatano 6. Nilikumbuka kuwa wangu ulikuwa wa kwanza. Nani alinifuata sikukumbuka, kwa kuwa sikujali. Tulijaribu mifuatano miwili iliyobaki, na wa pili ukaleta fedha.

Programu ile mpya ilifuata pendekezo la mwaka 2015 liitwalo BIP 67: funguo za umma zipangwe kama maneno ya kamusi. Hivyo kila aliye nazo hupata anwani ile ile bila kumuuliza mtu. Kwa kanuni hiyo, wa kwanza kwetu ni kitinda mimba, wala hajivuni, maana hakuna aliyemchagua.

Ndugu msomaji, sikatai kuwa mkubwa aamkiwe kwanza. Hiyo ni heshima. Lakini penye haki sawa, mpangilio unaotegemea cheo au kumbukumbu ya mmoja humpa madaraka ambayo hakupewa na wenzake, na akifa huondoka nao. Nilidhani usawa ni kukosa wa kwanza. Sasa naona ni kuwa na utaratibu usio na mwenyewe.

Sisi daftari letu lilikuwa kichwa changu, nacho kilikuwa kimeandika jina moja tu.