Kalafati Kwanza, Tanga Baadaye

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia umefikisha shilingi milioni 30 na unatafuta gari kuukuu linalovuta miguu yote minne, ulitie hema juu ya paa, uzunguke nchi na mkeo. Nimefurahi. Nimeendesha wageni porini kutoka Arusha miaka mingi, na kila jioni nikiwapigia hema nilijiuliza ni lini watoto wetu nao watakuja kulala huku. Ila zile picha ulizonionyesha kwenye simu zimenitia wasiwasi. Nimeona taa, keria, hema na lile bomba refu la kuvutia hewa. Sikuona hata picha moja ya breki.

Babu yako alikuwa na jahazi Tanga. Kila likipandishwa pwani kwa matengenezo, alianza na mbao za chini. Alitoa pamba iliyochoka, akakalafati upya, akapaka sifa hadi mtaa mzima ukanuka papa. Tanga jipya lilikuja mwisho, na miaka mingine halikuja kabisa. Watu wakimcheka kwa viraka vyake, aliwajibu kwamba maji hayaingilii tangani.

Basi fedha zako zigawe kwa akili hiyo. Milioni 18 nunulia gari. Milioni 6 zitie kwenye vile visivyoonekana: breki, tairi tano pamoja na la spea, rejeta na mipira yake, beringi, shokapu, bushi, betri. Milioni 2 zinatosha vifaa vya kambi. Milioni 4 zilizobaki usiziguse, kwa sababu gari kuukuu lina siri ambazo muuzaji mwenyewe huenda hazijui. Ukitumia zote 30 kununua gari zuri zaidi, utakuwa na gari zuri lililokaa juu ya mawe uani.

Utaniuliza gari gani. Kila mtu atakwambia Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, na hawakosei. Ina lita 4.2, silinda sita, haina turbo wala kompyuta, na fundi wa kijijini anaijua kama jembe lake. Tatizo ni kwamba kampuni za utalii nazo zinaitaka, kwa hiyo hata iliyochakaa inashikilia bei. Land Rover Defender utaipata kwa bei nafuu zaidi. Usidanganyike na bodi yake ya alumini isiyoshika kutu kama bati: chasisi iliyo chini ni chuma, na huko ndiko kutu inakojificha. Prado ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yenye injini ya 1KZ-TE ni laini barabarani, ila haisamehe joto. Chagua lile ambalo fundi wako analijua na spea zake ziko madukani, hata kama silo ulilokuwa ukiliota.

Siku ya kulikagua, mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Weka kiganja juu ya injini. Ukikuta ina joto, jiulize kwa nini imepashwa mapema. Ingali baridi, fungua rejeta: maji yenye utando wa mafuta ni habari mbaya. Fungua na kifuniko cha oili, ukikuta rangi ya chai ya maziwa, rudi nyumbani. Kisha liwashe utazame moshi. Wa bluu unasema linakula oili. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huenda unasema maji yanapita yasikotakiwa. Baada ya hapo lala chini na nyundo ndogo, gongagonga chasisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Linganisha namba ya chasisi na iliyo kwenye kadi, na kama hakuna anayejua mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Nasema haya kwa sababu nimeumia. Mwaka mmoja nilinunua vitambaa vipya vya viti vya Prado langu, nikaahirisha kubadili mpira wa rejeta uliokuwa umeanza kufanya nyufa. Tukiwa njiani kwenda Ziwa Natron, tumeshapita Engaruka, ukapasuka. Niliona mshale wa joto unapanda, nikajiambia bado kidogo tufike. Silinda hedi ikapata ufa. Tulilala palepale na wageni, kesho yake tukavutwa kwa kamba. Mpira ule bei yake ilikuwa ya chakula cha mchana. Hedi ilikula mapato yangu ya msimu mzima. Vile vitambaa vilikuwa vizuri sana.

Kuhusu hema la juu ya paa, fikiria tena. Hema lenyewe lina kilo 50 au 60. Ongeza keria ya chuma, na madumu mawili ya maji ya lita 20, ambayo ni kilo 40 nyingine. Uzito huo ukikaa kichwani, kwenye kona ya changarawe ndio utakaoligeuza gari. Jahazi hutiwa farumi tumboni. Hakuna nahodha anayeifunga mlingotini. Kwa hiyo nunua hema la kulala chini, maji na vyuma vizito vikae sakafuni, karibu na katikati ya gari, vimefungwa. Jiko la mtungi wa kilo 6, godoro, sufuria mbili, taa ya betri. Maji hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, kisha ongeza ya siku moja zaidi.

Nunua pia pampu na kipimo cha upepo kabla ya taa za mbele. Mchangani teremsha upepo hadi psi 20 hivi, tairi litapanuka na kuelea. Ukirudi kwenye lami jaza tena. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa hauna dawa. Chemsha chai, usubiri ukauke.

Safari ya kwanza usiende Katavi wala Ruaha. Lala Duluti, hapo Tengeru, ambako kikiharibika kitu unarudi mjini kwa bodaboda. Andika kila kilicholia, kilichovuja na ulichosahau. Vitengeneze, ndipo ujaribu Natron. Ukirudi salama kutoka Natron, nenda popote.

Jumamosi njoo na ovaroli, fedha ziache benki. Kuna Land Rover moja pale Njiro nataka tukalale chini yake.

Mjomba wako