Kengele ni ya Nani?

Yako maneno ambayo mtu huyasikia kama mzaha, kisha yakamrudia kama hukumu. Nilipompelekea fundi wa mtaani kwetu Tabata baiskeli niliyoinunua mtumba, aliizunguka mara mbili, akainyanyua kwa mkono mmoja, halafu akasema, "Mwalimu, baiskeli nzuri, lakini haina adabu."

Ilikuwa baiskeli ya mashindano: usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, matairi membamba ya milimita 23. Haikuwa na kengele, taa, madigadi wala keria. Walioiunda hawakukosea. Mashindanoni kila gramu ni adui, na barabara hufungwa ili washindani wapite. Fundi alitaka kuiongezea vyote. Mimi nilikubali matairi ya milimita 28 tu, kwa sababu yale membamba yaliniumiza mgongo kila nilipokanyaga shimo. Vingine nilivikataa, nikaviita uzito wa bure.

Sasa tazama, ndugu msomaji, jinsi nilivyochagua. Nilichokikubali kilikuwa cha kunifaa mimi. Nilivyovikataa, karibu vyote vilikuwa vya kumfaa mwingine. Kengele si ya mpandaji, ni ya aliye mbele yake. Taa ya nyuma mwenye baiskeli haioni kamwe. Hata madigadi, ingawa humkinga mwenyewe, humkinga pia anayefuata nyuma asirushiwe matope.

Jioni moja nilikuwa nikirudi nyumbani kutoka Mnazi Mmoja kwa Barabara ya Uhuru. Karibu na Buguruni nilimpita mama mmoja aliyejitwika beseni la samaki wa kukaanga. Sikuwa na kitu cha kumwashiria, nami sikufungua kinywa. Alishtuka nilipomfikia begani, akageuka, beseni likaanguka mchangani. Nilimpa fedha zote nilizokuwa nazo mfukoni, lakini hazikufika hata nusu ya mtaji wake. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Baba, ungesema kama unapita."

Usiku ule nilijitetea moyoni. Nilijiuliza: je, ni haki mnyonge ndiye ajipambe taa na kengele? Kila siku malori yananisukumia pembeni, na daladala hunikata mbele bila hata kunitazama. Anayeweza kuua ndiye aliye na wajibu wa kuangalia. Kwa nini mimi nigharimike ili mwingine asinidhuru?

Hoja hii ina ukweli, wala sijaiacha hadi leo. Kumwambia aliyegongwa kwamba angevaa nguo nyeupe ni kumtwisha mzigo wa mwenye gari. Lakini hoja hiyo haikunisaidia mbele ya yule mama. Mbele ya lori mimi ni mnyonge. Mbele yake mimi ndimi lori. Dhuluma ninayotendewa na wakubwa hainifutii deni nililo nalo kwa anayekwenda kwa miguu. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nami nilikuwa hodari wa kuhesabu mikuki niliyochomwa.

Siku ya pili nilirudi kwa fundi. Fremu haikuwa na matundu ya kufungia madigadi, ikabidi atumie vibanio. Alifunga kengele, keria, na taa ya dinamo ile inayosuguana na tairi. Baada ya wiki moja niligundua kasoro yake: dinamo huzimika baiskeli inaposimama. Maana yake, unapongoja katikati ya njia ili ukate kulia, hapo hasa ndipo unapotoweka gizani. Nikaongeza nyuma taa ndogo ya betri, nyekundu, inayowaka hata nikiwa nimesimama.

Baiskeli sasa ni nzito, na mbio zake zimepungua. Vijana hunipita wakicheka. Yule mama nilimtafuta Buguruni jioni kadhaa ili nimalize deni, sikumpata tena. Kwa hiyo kila ninapomwona mtu mbele yangu amejitwika kitu, naipiga kengele nikiwa bado mbali, kisha napunguza mwendo. Deni la yule mama silipi kwa njia hiyo, najua. Najizuia tu nisikope tena.