Kuchagua Si Kuficha

Somo: 2 Samweli 13:1–22



Mimi nasimamia maktaba ya shule, na leo nataka kukiri jambo. Mwaka jana nilipewa pesa za vitabu. Kwenye orodha kulikuwa na kimoja kinachowaeleza vijana kuhusu kubalehe, hedhi, mimba, na la kufanya mtu mzima akikugusa vibaya. Nilikisoma chote. Hakikuwa na uchafu. Lakini nilikikata, nikaandika, "Pesa hazitoshi." Zilitosha! Niliogopa tu watu waseme, "Kumbe huyu dada aliyeokoka ndiye analeta mambo haya?"

Hakuna mzazi aliyelalamika. Mwalimu mkuu hakukataza. Nilijikataza mwenyewe. Na siko peke yangu: huko California, Marekani, mtafiti Marjorie Fiske aliwahoji wakutubi, na mwaka 1959 akaeleza kwamba wengi waliacha vitabu vya utata kwa hofu tu, bila mtu kuwalalamikia.

Sisemi kila kitabu kiingie. Uchafu upo, na umri wa mtoto lazima tuuangalie. Hiyo ni kuchagua. Lakini anayechagua huuliza, "Kitamsaidia mtoto?" Anayeficha huuliza, "Watu watanisemaje?" Mimi niliuliza la pili.

Tazama Biblia. Imeandika wazi uovu ambao Amnoni alimtendea Tamari. Absalomu alimwambia dada yake anyamaze. Daudi alikasirika, lakini hatusomi popote kwamba alimwadhibu Amnoni. Nyumba nzima ilinyamaza, na kimya kile kikazaa mauaji. Kama Mungu hakuificha habari hiyo, mimi ni nani nifiche?

Utasema, "Hayo ni ya mzazi kufundisha." Amina, ni kweli. Lakini je, umemfundisha? Usipoongea naye, simu itaongea naye. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana Wakenya wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Hao ni watoto wetu, wengine tunaimba nao kwaya.

Muhula huu nimekirudisha kitabu kwenye orodha, na mwalimu mkuu nimemwambia ukweli. Mzazi akija na swali, tutakifungua tukisome pamoja.

Na wewe, mpendwa, ni jambo gani umemnyima mtoto wako kwa sababu ya aibu yako? Liombee wiki hii, halafu keti naye mwongee.

Mungu akubariki.