Mfupa Uliovunjika kwa Kujikwaa

 

Ndugu zetu Waislamu, tumesimuliwa katika Sura Maryam jinsi Nabii Zakariya alivyomlalamikia Mola wake kwa siri kwamba mifupa yake imedhoofika na kichwa chake kimejaa mvi. Wengi wetu husema: basi udhaifu wa mifupa ni jambo la uzee, hakuna la kuuliza. Je, na mama wa miaka arubaini aliyejikwaa kizingitini akavunjika nyonga, naye ni mzee? Hapo ndipo watu hukimbilia kijicho na majini, mama akafukizwa ubani, na maradhi yakabaki ndani yakila.

Mfupa si jiwe. Ni kitu hai, kila siku hubomolewa na kujengwa upya. Yako maradhi yazidishayo kule kubomoa au yazuiayo kujenga: tezi ya shingo iliyozidi nguvu, baridi yabisi ya viungo, figo zilizoharibika, matumbo yasiyofyonza chakula. Na mwanamke aliyekatikiwa na hedhi kabla ya wakati wake yumo pia. Mgonjwa hutibiwa lile alijualo, mfupa ukasahauliwa mpaka uvunjike.

Lililo zito zaidi ni dawa. Dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni, huwaokoa wenye pumu na wenye baridi yabisi, wala hatuzikashifu. Lakini amezaye miligramu 5 au zaidi kila siku kwa miezi 3, mifupa yake imo hatarini, na hupungua kwa kasi zaidi katika miezi ile ya mwanzo. Yafaa amwulize tabibu mapema habari za mifupa yake. Wala mtu asithubutu kuiacha dawa hiyo ghafla kwa kusoma maneno haya. Kuiacha ghafla kwaweza kuua.

Sasa tuwatazame wauzao unga wa "dawa ya viungo" bila ya kutaja kilichomo. Katika nchi mbalimbali zimepatikana dawa za namna hii, ziitwazo za miti shamba, zimetiwa steroidi kwa siri. Mgonjwa hupata nafuu upesi, akamsifu mganga, asijue anachomeza. Mtume s.a.w. alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta umaji umefichwa chini, akamkana mwenye kughushi. Ikiwa hivyo ndivyo kwa chakula kilichorowa, itakuwaje kwa kitu kiwavunjacho mama zetu uti wa mgongo? Fedha hiyo ni haramu, hata muuzaji akiwa na ndevu na tasbihi.

Aliyekwisha kuvunjika mgongo asijilazimishe kuinama katika sala. Dini imemruhusu kusali ameketi, na asipoweza, amelala. Na aendapo kwa tabibu achukue kila dawa aitumiayo, pamoja na ule unga usio na jina.