Inuka, Kagua Hema, Rudi Ai

Andiko la juma: Yoshua 7 na Yoshua 8:1-29

 

Leo nataka kuongea na mtu ambaye ameshindwa. Sisemi yule anayeogopa kushindwa, huyo tutamhubiria siku yake. Nasema na yule ambaye tayari mambo yamemharibikia. Umefunga kibanda na funguo bado ziko mfukoni, kwa sababu hujajua utamwambia nini mwenye nyumba. Umefanya KCSE, matokeo yametoka, na tangu hapo umekuwa ukikaa kiti cha nyuma kabisa ili mtu asikuulize. Umechukua mkopo wa chama, mradi umekufa, na sasa siku ya mkutano wa chama unajifanya mgonjwa. Ndugu yangu, dada yangu, huu ujumbe ni wako. Mwambie jirani, "Leo Mungu anataka kuongea nami." Amina!

Fungua Biblia yako kwa Yoshua sura ya saba. Sitaisoma yote, nitaisimulia, lakini ukifika nyumbani uisome mwenyewe.

Yeriko ilianguka, Ai ikawashinda

Israeli wametoka tu kushinda Yeriko. Kuta zimeanguka, sifa za Yoshua zimeenea nchi nzima. Mbele yao kuna mji mdogo unaitwa Ai. Yoshua anatuma wapelelezi. Wanarudi na ripoti ya haraka: hawa watu ni wachache, usisumbue jeshi zima, peleka elfu mbili au tatu hivi, kazi itaisha.

Sasa angalia vizuri. Kwa Yeriko, Bwana ndiye aliyetoa mpango wote, siku saba, hatua kwa hatua. Kwa Ai hatusomi mahali popote kwamba mtu aliuliza Bwana. Walihesabu watu wa Ai, wakaona ni wachache, wakaenda. Kama elfu tatu walipanda, na hao elfu tatu wakakimbia. Watu 36 wakauawa. Andiko linasema ujasiri wa watu wote uliisha, kama maji yaliyomwagika.

Hao 36 tusiwapite haraka. Kila mmoja alikuwa na mama. Kuna mahema 36 ambayo usiku ule chakula kilipoa na baba hakurudi. Nasema hivi kwa sababu siku hizi tunapenda kuhubiri kana kwamba kushindwa ni kitu kitamu. Hapana. Kushindwa kunauma, na kuna hasara nyingine hairudi. Hata baada ya ushindi wa sura ya nane, wale 36 hawakufufuka. Ndiyo maana ni dhambi kubwa kupoteza kiasi hicho na bado usijifunze kitu. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Jambo la kwanza: Inuka

Yoshua alirarua mavazi yake, akaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana mpaka jioni, yeye na wazee, mavumbi kichwani. Na akaanza kuomba yale maombi ambayo sisi wote tumewahi kuomba: Bwana, kwa nini ulituvusha Yordani? Si afadhali tungebaki ng'ambo? Tafsiri ya kwetu ni hii: si afadhali ningebaki na ile kazi ya zamani? Si afadhali nisingeanza?

Mungu akamjibu nini? Alimwambia ainuke, akamuuliza mbona amelala kifudifudi hivyo. Wapendwa, mimi ni mtu wa maombi, mnanijua. Lakini iko siku Mungu mwenyewe anasimamisha mkutano wa maombi na kusema: simama, kuna kitu cha kushughulikia. Kulia kuna wakati wake. Yoshua alilia mpaka jioni, na Mungu hakumkataza kulia. Alimkataza kubaki pale.

Kuna mtu amelala kifudifudi tangu mwaka juzi. Unasema unangoja Bwana. Yawezekana Bwana ndiye anakungoja wewe.

Jambo la pili: Kagua hema

Mungu alimwonyesha Yoshua kwamba shida haikuwa kwa watu wa Ai. Shida ilikuwa kambini. Wakaitwa kabila kwa kabila, ukoo kwa ukoo, nyumba kwa nyumba, mpaka wakafika kwa Akani. Yeye akakiri: alikuwa ameona joho zuri la kutoka Shinari, shekeli 200 za fedha, na kipande cha dhahabu cha shekeli 50. Akavichimbia chini ndani ya hema lake.

Hebu fikiria hilo joho. Zuri sana, lakini angelivaa wapi? Angetoka nalo nje nani asimuulize? Watu walikufa kwa sababu ya nguo ambayo mwenyewe hakuivaa hata siku moja.

Hapa niruhusuni nijihubirie mimi. Miaka ya nyuma, kabla hatujaanza kujenga hapa, nilianza kufuga kuku wa kienyeji. Kuku 180. Pesa za kuanzia zilitoka kwa chama cha mke wangu, alikopa kwa jina lake. Aliniachia na pesa ya chanjo, akaniambia, "Baba watoto, hii usiiguse, ni ya chanjo." Nikasema sawa, mama.

Juma hilo kulikuwa na mkutano mkubwa wa wachungaji na mimi nilikuwa na viatu vimeisha soli. Nikaona, chanjo ni kitu cha juma lijalo. Nikanunua viatu. Mke wangu akauliza, "Umechanja?" Nikasema, "Nimechanja." Mchungaji mzima.

Baada ya wiki kadhaa kuku wakaanza kuhema kwa shida, wengine shingo zinapinda, kinyesi kijani. Ndani ya siku tano nilizika kuku 163. Unajua nilifanya nini? Nikaita maombi. Nikafunga siku tatu nikikemea jirani ambaye niliona anaangalia kuku wangu kwa jicho baya. Afisa wa mifugo akaja, akaangalia mmoja tu, akaniuliza swali moja: "Pastor, hawa walichanjwa kideri?" Nikanyamaza. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akaniangalia, halafu akaangalia viatu vyangu.

Sikuwa na adui. Nilikuwa na joho la Shinari miguuni mwangu. Yule jirani nilienda kumwomba msamaha, naye hakuwa hata anajua nilikuwa nikimkemea. Lile deni la chama tulilipa kwa mwaka mzima na zaidi, na mke wangu hakunitupia neno mbele ya watu hata mara moja. Lakini kuaminiwa tena nyumbani kulichukua muda mrefu kuliko deni.

Kwa hivyo kabla hujamkemea shetani, kagua hema. Jiulize maswali matatu, yote yako kwa hii sura. La kwanza: je, niliuliza? Niliuliza Mungu, na niliuliza wale wanaojua kazi hii? La pili: je, nilidharau? Nilisema ni mji mdogo tu, ni mtihani tu, ni biashara ya kawaida tu? La tatu: je, kuna kitu nilificha?

Na wewe uliye na kitu chini ya hema, usiogope kukitoa. Hukumu iliyompata Akani ilikuwa nzito, siwezi kuipunguza. Lakini wewe uko chini ya damu ya Yesu. Yohana wa Kwanza sura ya kwanza mstari wa tisa iko pale pale: tukikiri, yeye ni mwaminifu wa kusamehe na kusafisha. Toa mwenyewe kabla hujaitwa ukoo kwa ukoo.

Lakini nisikilizeni vizuri hapa, msitoke na nusu ya ujumbe. Si kila hasara ina Akani ndani yake. Mafuriko ya mwaka 2024 yalibeba mashamba ya watu waaminifu. Wanafunzi waliona kipofu wakamuuliza Yesu nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye Yesu akakataa hilo swali kabisa, Yohana sura ya tisa. Kagua hema lako, usikague la jirani. Ukikagua kwa uaminifu na usipate kitu, simama, jipanguse mavumbi, endelea na safari bila hatia.

Jambo la tatu: Rudi kwa njia nyingine

Sasa sura ya nane. Mungu anamwambia Yoshua asiogope, achukue watu wote wa vita, apande tena Ai. Angeweza kumwambia azunguke na kuiacha Ai. Lakini anamrudisha mlango ule ule aliofukuzwa.

Lakini safari hii Mungu ndiye anasema waviziwe kwa nyuma ya mji. Yoshua anatuma watu elfu thelathini usiku wakajifiche. Na yeye mwenyewe na jeshi lingine watafanya nini? Watakuja mbele ya lango, halafu watakimbia. Ndiyo, watakimbia! Yoshua aliwaeleza wazi: watu wa Ai watasema hawa wanatukimbia kama mara ya kwanza, watatoka kutufuata, na mji utabaki wazi.

Mmeliona hilo? Lile jambo la aibu, kule kukimbia, ndilo Mungu aligeuza kuwa mtego. Israeli hawakupewa silaha mpya. Walipewa ile aibu yao ya zamani, sasa ikiwa na mpango ndani yake. Hakuna mwanaume aliyebaki Ai wala Betheli ambaye hakutoka kuwafukuza. Yoshua akainua mkuki wake, waliovizia wakaingia, mji ukawa wao. Kama wasingeshindwa mara ya kwanza, huo mtego haungefanya kazi.

Na kuna lingine. Safari hii Mungu aliwaruhusu kuchukua nyara na mifugo. Akani, kama ungevumilia siku chache tu! Kile alichoiba Yeriko, Mungu alikuwa akikitayarisha Ai.

Tunaye Mkenya mwenzetu, Eliud Kipchoge. Mwaka 2012 alikosa nafasi kwa timu ya Olimpiki ya London. Alishinda ubingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka 2003, na sasa hata timu hakuingia. Angeweza kukaa akilaumu. Badala yake mwaka 2013 akahamia marathoni, akashinda Hamburg. Dhahabu ya Olimpiki akaipata Rio 2016, na nyingine kwa michezo ya Tokyo mwaka 2021. Kule Vienna mwaka 2019 akakimbia kilomita 42 kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40. Alirudi kwa njia nyingine, tena njia ndefu kuliko ile ya kwanza.

Na mimi? Wale kuku 17 waliobaki hatukuwachinja. Tulianza tena polepole, safari hii mke wangu ndiye anashika daftari na pesa, na tarehe za chanjo zimeandikwa kwa kalenda ukutani. Leo ndugu wengi hapa wakiona kuku amesinzia wananipigia mimi simu. Sijawahi kusomea mifugo. Nilisomea kwa makaburi ya kuku 163.

Nimalizie na tahadhari moja. Ukisoma sura ya tisa utaona Wagibeoni wanakuja na mikate iliyoota ukungu, na Israeli wanafanya agano nao bila kumuuliza Bwana. Ndiyo, tena! Baada ya Ai! Somo la kuuliza halisomwi mara moja likaisha. Ni la kila asubuhi.

Bonde la Akori

Mahali Akani aliadhibiwa paliitwa Bonde la Akori, maana yake bonde la taabu. Miaka mingi baadaye, nabii Hosea sura ya pili mstari wa 15, Mungu anaahidi kwamba hilo bonde atalifanya kuwa mlango wa tumaini. Bonde ni lile lile. Mungu hakulifuta kwa ramani, alifungua mlango ndani yake.

Wewe uliye na funguo za kibanda mfukoni, bonde lako lina mlango. Inuka leo.

Ya kufanya juma hili

Jumatatu mpaka Jumatano, soma Yoshua 7 na 8 na uandike majibu ya yale maswali matatu. Usiandike vile ungependa yawe, andika ukweli. Alhamisi, mtafute mtu mmoja ambaye kushindwa kwako kulimgusa, umwambie ukweli, na kama kuna deni mpange mtalipa vipi. Jumamosi, andika hatua moja tu ya kurudi, uilete Jumapili tuiombee.

Tuombe

Baba, katika jina la Yesu, umewaona walioanguka kifudifudi. Wainue. Tupe ujasiri wa kufukua kile tulichoficha, na utusafishe. Waliopoteza bila kosa lao, waondolee hatia isiyo yao. Na pale tuliposhindwa, tuonyeshe njia nyingine ya kurudi, wewe ukiwa mbele yetu. Amina.