Sulemani Hakuwa na Afisa Ustawi

Wapendwa, mnaikumbuka kesi ya wanawake wawili waliogombea mtoto mmoja. Hakukuwa na jirani aliyesikia lolote usiku ule. Sulemani akaagiza upanga, na mama halisi akajulikana kwa uchungu wake. Tumeihubiri hekima ile mpaka imekuwa nyepesi midomoni mwetu. Lakini mfikirieni hakimu wetu wa Mahakama ya Watoto. Upanga hana. Mbele yake kuna mtoto wa sare ya shule, macho yameganda kwenye vidole vya miguu, na baba aliyenyoa ndevu akavaa shati la pasi. Nani atamweleza hakimu yanayotokea nyumba ile saa nne usiku?

Atamweleza Afisa Ustawi wa Jamii, yule mnayemwita mvunja nyumba za watu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilimweka pale kwa makusudi. Mahakama hiyo husikiliza faraghani, kwa kuulizana bila kumbana mtoto kwa mabishano, na afisa lazima awepo. Yeye ndiye aliyefika nyumbani akaona mtoto analala wapi, akamuuliza mwalimu ni siku ngapi hakuonekana darasani. Akiona hatari, anaomba amri ya matunzo. Hakimu akiitoa, haki za mzazi zinahamia kwa afisa, naye anatafuta pa kumweka mtoto: makao yaliyoidhinishwa, kwa mlezi wa kuaminika, au hata kwa bibi yake. Amri hiyo haizidi miaka 3. Basi anayepita vibarazani akisema serikali inanyang'anya watoto, mwambieni afisa huomba tu, mwamuzi ni mahakama.

Na mkitaka kujua kama kumtoa mtoto nyumbani ni kumkata na mamaye, mtazameni Musa. Alitolewa kwao ili aishi. Binti Farao akampokea, na aliyelipwa kumnyonyesha alikuwa mama yake mwenyewe! Lakini hayo yaliwezekana kwa sababu dada yake alisimama kando ya mto, akakitazama kile kisafina, kisha akafungua kinywa. Hilo la kufungua kinywa ndilo linalotushinda.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Na kata yenyewe ni wewe, jirani, unayeongeza sauti ya redio mtoto akianza kulia. Kifungu cha 95 cha sheria ile kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mitaa. Kila mwanajamii, si balozi na mwenyekiti peke yao. Mchungaji naye yumo.

Naam, mchungaji yumo, na hapa naungama. Niliwahi kuitwa kwenye kikao cha ukoo. Mtoto ameumizwa na ndugu wa damu. Tuliketi mkekani, tukala pilau, tukapanga faini ya mbuzi wawili, na mimi nikafunga kwa sala. Mzee mmoja akasema, funika kombe mwanaharamu apite. Hakupita, wapendwa! Alibaki humo ndani ya kombe, pamoja na mtoto. Sijui sala ile iliandikwa wapi mbinguni, ila siamini iliandikwa upande wangu.

Tena kutoa taarifa ni mwanzo tu. Dawati la Jinsia na Watoto kituoni polisi limechukua maelezo, fomu ya polisi ya PF3 imejazwa hospitali, afisa amemaliza uchunguzi wake. Siku ya ushahidi inafika: mama amesafirishwa kijijini, jirani amezima simu, shangazi eti hakumbuki. Kesi inakufa mbele ya mtoto aliyekwisha kusema kila kitu. Mtakuja kumwambia nini huyo mtoto kuhusu ukweli?

Nawe afisa uliyeketi benchi la nyuma, usidhani nakusifu tu. Najua mafaili ni mengi na bodaboda umeilipa mwenyewe. Hata hivyo taarifa iliyoandikwa mezani bila kukanyaga uwanja wa nyumba ile ni ushahidi wa uongo, na hakimu ataisoma akiamini kwamba umeona. Na ukishampeleka mtoto makao, rudi ukamtazame. Faili si mtoto.

Simameni, ndugu zangu! Namba ya huduma ya simu kwa mtoto ni 116, hailipiwi. Mtendaji wa mtaa ana ofisi mnayoifahamu, maana barua za dhamana mnazifuata huko huko. Na ninyi wazee wa mkeka ule, nimepata ujumbe kwamba mmeitisha kikao kingine Jumamosi. Nitafika. Safari hii sitakuja kufunga kwa sala. Nitakuja na Afisa Ustawi.