Kiti cha Eli

Somo: 1 Samweli 4:12–18



Gari likishushwa bandarini Dar es Salaam huenda limeshatembea miaka kumi katika barabara za Japani, lakini kwa aliyelilipia ni jipya. Linaletwa kanisani liombewe. Nailoni za viti haziondolewi mpaka zichanike zenyewe, na watoto wanakatazwa kula karanga ndani. Baada ya majuma machache furaha inapoa, mwenye gari anaanza kuona kasoro. Mwaka huu kasoro ambayo washarika wamenieleza zaidi haihusu injini wala ulaji wa mafuta. Ni hedresti, ule mto wa kichwa ulio juu ya kiti. Inasukuma kichwa mbele. Mtu akitoka Morogoro hadi Dodoma anashuka kidevu kikiwa kifuani, shingo imekakamaa, na anaapa kwamba aliyetengeneza kiti hiki hana shingo.

Dawa wanazojitungia nimeziona uwanjani baada ya ibada. Wengine wameing'oa kabisa, iko kwenye buti chini ya gunia la mkaa. Wengine wameigeuza ikatazama nyuma. Yupo baba mmoja aliyenunua mto wa shingo kwa machinga kwenye foleni, akaufunga kwa mipira mbele ya hedresti; shingo imepata pa kulala, kichwa kimebaki hewani.

Twende Shilo. Kuhani Eli ana miaka 98, haoni tena, mwili umekuwa mzito. Ameketi kitini pake kando ya njia, moyo ukitetemeka kwa ajili ya sanduku la Mungu lililopelekwa vitani. Anafika mtu wa Benyamini akikimbia, nguo zimeraruka, mavumbi kichwani. Anazitoa habari moja baada ya nyingine: Israeli wamekimbia, waliouawa ni wengi, Hofni na Finehasi wamekufa, sanduku limetekwa. Msomaji mwenye haraka atalipita jambo moja hapa. Habari ya kufiwa na wanawe wawili Eli aliisikia akiwa bado ameketi. Lilipotajwa sanduku ndipo akaanguka kinyumenyume kutoka kitini, kando ya lango, shingo ikavunjika, akafa. Chochote kilichokuwa nyuma ya kiti kile hakikumzuia.

Shingo imepewa mzigo mkubwa kuliko unene wake. Kichwa cha mtu mzima kina kilo nne na nusu hadi tano. Gari limesimama kwenye taa, linagongwa kwa nyuma: kiti kinausukuma mgongo mbele ghafla, lakini kichwa, ambacho hakijaguswa na kitu, kinabaki palepale kilipokuwa. Kwa muda wa kama sehemu ya kumi ya sekunde shingo inajipinda mfano wa herufi S, chini ikivutwa upande mmoja na juu upande mwingine. Hakuna anayewahi kukaza misuli. Ndiyo maana watu wanaumia shingo hata katika ajali ya mwendo mdogo, ambayo gari lenyewe limetoka na mkwaruzo tu kwenye bampa. Mwenye gari anashangilia kwamba bampa ni zima. Kesho yake asubuhi hawezi kugeuka kitandani.

Hedresti imewekwa kwa ajili ya hiyo sehemu ya kumi ya sekunde. Usingizi wa safarini ni nyongeza tu. (Na ule ujumbe unaozunguka WhatsApp, kwamba vyuma vyake vilichongwa ili tuvunjie kioo gari likitumbukia mtoni, si kweli. Ukibahatika vitavunja, ila havikuwekwa kwa kazi hiyo.)

Marekani iliilazimisha hedresti kwenye viti vya mbele vya magari madogo kuanzia Januari 1969. Kwa miaka mingi zilikuwa fupi na zilikaa mbali na kichwa, kwa hiyo zilimfaa abiria kidogo sana. Mwaka 2004 ikatolewa kanuni kali zaidi, iliyoanza kutekelezwa kwa awamu Septemba 2009: hedresti ya mbele iwe ndefu ya kutosha, na nafasi kati yake na kisogo isizidi milimita 55, kama upana wa vidole vitatu. Mwaka 2008 Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshapitisha kanuni ya kimataifa juu ya jambo hilohilo. Hapo ndipo madereva wa nchi nyingi walipoanza kunung'unika kwamba magari mapya yanawainamisha. Waswidi walikuwa wametangulia kwa njia ya upole zaidi. Mwaka 1997 Saab walileta hedresti inayosogea mbele pale tu kishindo kinapoukandamiza mgongo wa abiria kitini, na mwaka uliofuata Volvo wakaleta kiti kinachorudi nyuma pamoja na aliyekikalia. Siku za kawaida vifaa hivyo havimsumbui mtu.

Tumrudie Eli: hakukosa maonyo. Alikuja mtu wa Mungu akamweleza waziwazi yatakayoipata nyumba yake. Kisha akaja mtoto Samweli, aliyelala humohumo hekaluni, akarudia yaleyale asubuhi huku akiogopa. Eli alilipokea neno la Samweli kwa heshima kabisa. Ila Hofni na Finehasi waliendelea kunyang'anya nyama ya sadaka na kulala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Baba aliwasemesha, hakuwazuia. Onyo lilikuwa karibu naye kiasi cha kumkera, naye akaligeuza likatazama nyuma.

Ningeweza kuishia hapo, mkasema amina, tukaenda kunywa chai. Lakini mahubiri yanayoishia hapo yameumiza watu. Yanamwambia kila anayelalamika kwamba kinachomsukuma kinamfaa, kwa hiyo anyamaze. Hebu tuulize kwanza: zile milimita 55 zilipimwa kwa kichwa cha nani?

Zilipimwa kwa sanamu ya mwanamume wa wastani, mgongo wa kiti ukiwa umelazwa nyuzi 25. Mama mfupi anayeketi wima, aliyesogea mbele ili miguu ifikie pedeli, hakuwamo katika kipimo hicho. Wala hawakuwamo dada zetu wenye rasta zilizofungwa fundo kisogoni, au mama mwenye kilemba cha ibada, ambao hedresti inawafikia kabla hawajaegemea. Na watafiti wanajua tangu zamani kwamba katika ajali za kugongwa nyuma wanawake wanaumia shingo kuliko wanaume. Hata hivyo sanamu ya majaribio iliyoumbwa kwa mwili wa mwanamke wa wastani, sentimita 162 na kilo 62, kwa ajili ya ajali za namna hiyo, ilitangazwa Uswidi na mtafiti Astrid Linder na wenzake mwaka 2022. Kutoka 1969 hadi 2022! Mama aliyesema kiti kinamuumiza hakuwa anadeka. Alikuwa anatoa taarifa ya kitaalamu, ikapokewa kama manung'uniko.

Na Eli tena. Mara ya kwanza tunapokutana naye katika kitabu hiki ameketi kitini pia, kwenye mwimo wa mlango wa hekalu, akimtazama Hana, atakayekuwa mama wa Samweli, anayeomba bila sauti. Kutoka kitini pale akampima kwa watu aliowazoea, akaamua amelewa. Hana akamjibu kwa adabu, bila kurudi nyuma. Kwa hili namheshimu yule mzee: aliyabadilisha maneno yake palepale, akambariki. Wazee wa usharika wangapi leo wanaweza kufanya hivyo mbele ya mwanamke aliyewapinga?

Nasema hivi kwa sababu wanaokuja ofisini kwangu hawaji na habari za magari peke yake. Anakuja mama, anaeleza mambo ya nyumbani, na kabla hajamaliza kuna mtu ameshamwambia avumilie, Mungu anamtengeneza. Kuvumilia kuna mahali pake. Lakini anayepigwa na mumewe hajawekewa hedresti. Anapigwa, na kazi yetu ni kumtoa mkononi mwa anayempiga, na ikibidi kumsindikiza polisi na hospitali, sala zikiendelea njiani. Nidhamu ya Mungu inapotubana tunaweza kukaa nayo, kuiuliza, kuizungukia, mwisho tukaona ilikuwa inazuia nini. Mateso ya kubandikwa na mwanadamu mwenzako hayana siri ya namna hiyo, na tusiyatungie.

Basi turudi uwanjani, maana gari nalo ni jambo la kiroho likiwa na watu ndani. Kabla hujaing'oa hedresti, laza mgongo wa kiti nyuzi mbili tatu nyuma. Ni kidogo sana, lakini kichwa kinapata nafasi na shingo inaihisi papo hapo. Makalio yafike mwisho wa kiti. Kisha tafuta kidude cha plastiki kwenye mguu mmoja wa hedresti, kibonyeze, uipandishe mpaka kilele chake kikaribie utosi, au kwa uchache kiyapite masikio. Wengi wanaoumia wameiacha chini kabisa, na ule uvimbe wa mto unawasukuma shingoni badala ya kukipokea kisogo. Waliogeuza waigeuze tena. Fundo la nywele siku ya safari likae juu utosini au chini shingoni. Ikiwa umefanya yote na bado unainama, kiti hicho hakikufai, na mwenye pesa za kununua gari jingine siku moja akae ndani yake robo saa nzima kabla ya kuulizia rangi.

Torati ina agizo dogo kwa mwenye nyumba mpya, Kumbukumbu la Torati 22:8. Ajenge ukingo kuzunguka dari, ili mtu akianguka damu isiwe juu ya nyumba yake. Mwenye nyumba anaijua dari yake hata gizani. Ukingo anaujenga kwa ajili ya mgeni. Hedresti ya kiti cha dereva ndiyo tunayoipigia kelele kila wiki, ila zile za nyuma, wanakoketi bibi anayepelekwa kliniki na watoto wa jirani, zimeshushwa hadi mwisho ili dereva aone vizuri kioo cha nyuma, na hakuna aliyeuliza.

Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili umoja wa vijana watakuwa chini ya mwembe, gari kwa gari. Akina mama njooni na nywele na vilemba vyenu vya siku zote, kila mtu akae kwenye kiti anachokikalia kwa kawaida, kirekebishwe akiwa juu yake. Basi dogo la kwaya lina viti vinne vya katikati visivyo na hedresti kabisa. Mhazini ameanza kuuliza bei kwa mafundi, na mpaka zipatikane viti hivyo vitabeba ngoma na vipaza sauti.